Nilichokisifia kilikuwa kusi

Mwezi wa saba mwaka 2023 niliwapigia simu watu watatu kuwaambia wanunue feni ya prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta. Hakuna aliyenituma wala kunilipa. Ilikuwa furaha tu, ile ya mtu aliyetoa elfu 45 Kariakoo na safari hii akaamini hakuibiwa. Miezi sita baadaye, kaskazi ilipoanza kuvuma, nikawa naomba Mungu wale watatu waipoteze namba yangu.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi: sendofu, kicheni pati, siku yenyewe, na zile dakika tano za maharusi ufukweni ambazo kila mteja anazitaka na hakuna anayetaka kuzilipia. Naifanyia chumbani, Sinza, nyumba ya kupanga yenye bati linaloota jua tangu asubuhi na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Kompyuta yangu na ya mdogo wangu tuliziunga pamoja mwaka 2021, vipande vilevile kwa vilevile. Prosesa ni AMD Ryzen 5 3600. Keisi tulichagua ile yenye kioo mbele, kwa sababu tulikuwa wajinga na ilikuwa inapendeza. Kipoza ni kile kidogo kinachokuja ndani ya boksi la prosesa, Wraith Stealth, duara la alumini lenye feni juu yake.

Mdogo wangu alihamishia studio yake Njombe mwaka uliofuata. Mimi nikabaki na bati langu.

Februari ya 2023 nilikuwa natoa video ya harusi ya saa moja na nusu, yaani kuigeuza kazi niliyohariri kuwa faili la kumpa mteja. Kadi yangu ya picha ni kuukuu, kwa hiyo kazi yote ya kutoa faili huiangukia prosesa. Nikafungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na ulaji wa umeme wa prosesa, nikakuta nyuzi 94. Mwisho wa prosesa hii ni 95. Ikifika hapo inaanza kujipunguzia kasi ili isiungue. Feni ilikuwa inalia hivi kwamba mama mwenye nyumba aligonga mlango akauliza, "Mwanangu, hiyo ndege yako inaruka saa ngapi?"

Basi ndiyo ikaja safari ya Kariakoo mwezi wa saba. Nilishuka Gerezani kwa mwendokasi nikaingia mitaa ya ndani, duka la tatu nikampata kijana aliyekuwa na kipoza chenye mirija miwili ya shaba na feni inayowaka taa za rangi saba. "Dada, hii ni moto wa kuotea mbali," akaniambia. Nilicheka, maana nilikuwa nimekwenda kutafuta baridi. Kwenye boksi kulikuwa kumeandikwa wati 150. Prosesa yangu imeandikwa wati 65. Hesabu ya darasa la tatu: nimezidisha mara mbili na chenji. Akanifungia palepale, akaiwasha dakika mbili, akanionyesha namba, nikalipa.

Usiku ule nikapima tena nyumbani: 84. Nyuzi kumi nzima! Nikapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu, nikawatumia watu, nikapiga zile simu tatu. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu.

Januari nilikuwa na harusi nne za Desemba zinazonidai. Siku ya kwanza ya kutoa faili, 92. Ya pili, 92. Nikasafisha vumbi, 92. Nikabadilisha pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, ile nyeupe ya kwenye kifuko inayofanana na dawa ya meno, nikaweka nyingine ya kijivu ya elfu 20; ikashuka kwa nyuzi moja, na hata hiyo moja sina hakika nayo. Nikaanza kumwaza kijana wa Kariakoo vibaya. Nikamwona kabisa akilini ananibadilishia kipoza wakati nimegeuka kutafuta pesa.

Nilipofungua simu kutafuta ile picha ya mwezi wa saba, nia ilikuwa kwenda kumwonyesha: tazama, ulinipa 84, sasa hii nini? Picha ilikuwa safi, namba inasomeka. Na kwenye kona, juu ya mgongo wa kiti changu, kulikuwa na sweta.

Sweta, Sinza. Nikakaa nikalitazama lile sweta kwa muda.

Mtu wa Dar ananielewa. Kusi likivuma, kati ya mwezi wa sita na wa nane, usiku kuna siku unatafuta shuka la pili, na nje joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 20. Kaskazi likishika, tangu Desemba mpaka Machi, mchana unapita 31 kwa urahisi, na chumba chenye bati kinapita hapo na kuendelea. Nilipima kipoza cha zamani wakati wa Februari na kipya wakati wa Julai, kisha nikasifia feni. Nilichokisifia kilikuwa kusi.

Jambo lenyewe ni jepesi mpaka linaudhi. Kipoza cha hewa hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto kutoka kwenye chipu na kulimwaga kwenye hewa ya chumba, kwa hiyo hakiwezi kamwe kuishusha chipu chini ya joto la hewa hiyo. Chumba kikipanda nyuzi nane, na chipu inapanda takriban nane. Namba inayokisema kipoza ni ile tofauti: joto la prosesa ukitoa joto la chumba. Wapimaji wengi wa ng'ambo hufanya hivyohivyo, na wanapotoa joto lenyewe badala ya tofauti, chumba chao huwa na nyuzi 20 au 22. Ukisoma kwamba kipoza fulani kilifika 70 kwao, hapa Sinza mwezi wa pili kisome 81 au 82, halafu ndipo uamue.

Nilikwenda Kariakoo tena, lakini si kugombana. Nilinunua saa ya mezani yenye kipimajoto, elfu 15, na kipoza kingine: DeepCool AK400, elfu 140. Hicho cha pili nilikichagua kwa futi kamba ya cherehani. Kilichokuwa kinanivutia hasa ni vile vikubwa vya minara miwili, lakini Noctua NH-D15, kwa mfano, ina urefu wa milimita 165, na kutoka mgongoni mwa prosesa hadi kwenye mfuniko wa keisi yangu mimi nina 160. AK400 ina 155. Kipimo hiki watu wengi hukikumbuka wakati mfuniko umeshagoma kufunga na kipoza kimeshapakwa pesti.

Kuhusu zile wati kwenye boksi, nilijifunza kwa aibu. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Kila mmoja anaandika anavyoona. AK400 imeandikwa 220, ile ya taa 150, na namba hizo mbili hazizungumzi lugha moja. Hata ile 65 ya prosesa haimaanishi inakula 65. Ryzen 5 3600 ikifanya kazi yote inaruhusiwa kuvuta hadi wati 88, na HWiNFO inakuonyesha hivyo waziwazi. Zaidi ya hapo, sehemu yenyewe inayotoa joto jingi ni kipande cha silikoni cha milimita za mraba 74 hivi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Moto wote ule umesongamana hapo. Ndiyo maana prosesa hizi huonekana za moto hata ukiwa na kipoza kizuri: shida ya kwanza ni kuutoa moto kwenye kijisehemu kile, na feni haina la kusema hapo.

Mirija ya shaba ndiyo inayofanya kazi hiyo ya kuutoa, na mimi miaka yote nilidhani ni vyuma vitupu. Ndani kuna maji kidogo sana, na hewa imenyonywa karibu yote, ndiyo maana maji hayo yanageuka mvuke hata kwa joto dogo. Mvuke unakimbilia kwenye mapezi ya alumini, unapoa, unarudi kuwa maji, na maji yanarudishwa chini na kitu kama utambi uliopakwa ndani ya ukuta wa mrija. Ni koroboi inayofanya kazi kinyume. Ile ya taa ilikuwa na mirija miwili na mapezi ya feni ndogo. AK400 ina minne na feni ya milimita 120.

Sasa nikataka kupima kwa haki, vyote vitatu, jioni moja, chumba kimoja. Ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu.

Kile cha taa nilikilegeza skrubu, nikakishika, nikakivuta juu. Kikatoka. Na prosesa ikatoka nayo, imeng'ang'ania chini yake kama kupe. Kwenye AM4, aina ya soketi ya ubao wangu, pini ziko kwenye prosesa yenyewe, 1,331, na pesti iliyopoa inang'ang'ania kuliko kile kikomeo cha soketi kinavyoshika. Pini tatu za pembeni zilikuwa zimelala. Nilikaa sakafuni nikiwa na kiwembe na taa ya simu, nikizipitisha mstari kwa mstari, nikizisimamisha moja baada ya nyingine, jasho linanitoka mpaka nikaogopa litadondokea. Ilichukua dakika arobaini. Tangu siku hiyo sing'oi kipoza kikiwa baridi. Naipa kompyuta kazi nzito dakika kumi pesti ilainike, nazima, nachomoa waya wa umeme, nalegeza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana pembe, halafu nakizungusha kushoto kulia kama mtu anayefungua chupa iliyokazwa, mpaka nisikie kimeachia. Kunyanyua kunakuja mwisho.

Na ukiwa na ubao wa AM4 uliosimama ndani ya keisi, ukifungua skrubu nne zinazoshika yale masikio ya plastiki, bamba la nyuma linadondoka upande wa pili. Laza keisi, au uwe na mtu wa kulishika. Mimi nilikuwa na mtoto wa mama mwenye nyumba, alilipwa soda.

Utaratibu niliouweka ulikuwa huu. Saa yenye kipimajoto naiweka upande ambako keisi inavuta hewa, mbali na pale inapotolea, la sivyo inapima joto la mashine na kuliita la chumba. Cinebench R23, programu ya kuikamua prosesa kwa kazi nzito, naiacha izunguke dakika 30. Yale majaribio ya dakika mbili ya dukani ni ya kumpumbaza mtu: chuma cha baridi kinameza joto mwanzoni, na namba inakuwa tamu mpaka kishibe. Mwisho naandika vitu vitatu kwenye daftari: joto la prosesa, joto la chumba, na wati. Wati ni muhimu kwa sababu prosesa ikigonga 95 inajipunguzia ulaji, halafu joto linasimama palepale, na kipoza kibovu kinaonekana kama kimeweza kushikilia.

Chumba kilikuwa nyuzi 31 saa nne usiku, dirisha wazi. Wati zilicheza kati ya 86 na 88 kwa vyote. Wraith Stealth ilifika 91, tofauti 60. Ile ya taa za rangi saba ilifika 89, tofauti 58. AK400 ilifika 73, tofauti 42.

Yaani elfu 45 zangu zilinunua nyuzi mbili na disko.

Kasi ya kazi je? Hapa nitasema ukweli ambao wauza vipoza hawaupendi. Video ileile ya harusi niliitoa kwa dakika 55 nikiwa na Stealth, na kwa dakika 52 nikiwa na AK400. Dakika tatu. Mtu akikuuzia kipoza kwa kukuahidi mashine itaruka, mwache aruke yeye. Nilichokipata kilikuwa masikioni. Stealth inazunguka mwisho wa uwezo wake wakati wote. AK400 inazunguka polepole na kubakiwa na nafasi. Sikupima kelele kwa simu, maana maikrofoni za simu kila moja ina hasira zake. Nilisubiri saa nane usiku, mtaa umelala, nikazima pangaboi, nikaendelea kusafisha sauti ya mshereheshaji bila kubana hedifoni. Kabla ya hapo kulikuwa na mvumo chini ya kila sauti ambao sikujua tena ni wa ukumbini au wa kwangu.

Nimelitaja pangaboi, na lina hadithi yake. Kwa muda mrefu niliamini linaipoza kompyuta kwa sababu linanipoza mimi. Sikuona tofauti kwenye daftari. Pangaboi halishushi joto la chumba. Linapuliza jasho likauke, na kukauka kwa jasho ndiko kunakotupa baridi. Chipu haitoi jasho. Kama hewa ni 33, pangaboi linaisukuma hewa ya 33.

Jaribio lililonifundisha kuliko yote ni lile ambalo halikunigharimu hata senti. Siku ya pili, nikiwa na AK400 ndani, niliufungua mfuniko wa ubavuni wa keisi katikati ya jaribio. Ndani ya robo saa joto likashuka nyuzi sita. Hapo kipoza hakikuwa kimebadilika, chumba hakikuwa kimebadilika. Kilichobadilika ni hewa ambayo kipoza kilikuwa kinapewa. Kile kioo cha mbele tulichokipenda kilikuwa kimeiziba mashine pua, nayo ilikuwa inavuta tena hewa iliyokwisha kuitoa, hasa kwa kuwa nilikuwa nimeisukuma mpaka ukutani. Kama nyumbani kwako ukifungua mfuniko joto linashuka sana, usinunue kipoza kwanza. Likishuka moja au mbili, basi ndiyo, lawama ni ya kipoza. Mimi nilitoa kioo, nikaweka wavu wa dirishani, wa mbu, nikabandika kwa gundi. Mashine sasa ina sura ya banda la kuku. Joto chini nyuzi tano.

Wavu wa mbu unaziba vumbi kidogo tu, kwa hiyo vumbi nalo linadai haki yake. Barabara yetu ya ndani haina lami. Baada ya miezi minne bila kusafisha, tofauti ilipanda kutoka 37 hadi 43, na mapezi yalikuwa yamevaa sufi. Nasafisha kwa brashi ya rangi na blowa ya kuazima kwa fundi, huku nimeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana upepo ule unayapeleka kwa kasi ambayo beringi haikuandaliwa.

Nilibaki na deni la simu tatu. Wa kwanza alishaiuza kompyuta. Wa pili, mpiga picha mwenzangu wa Tabata, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwa hiyo sasa unaniambia ninunue nyingine?" Nikamwambia afungue mfuniko kwanza, halafu tuzungumze.

Mdogo wangu niliahirisha mpaka Juni. Nilijua atanicheka.

"Dada, mimi yangu iko poa kabisa," akasema. "Haijawahi hata kufika 80. Ulinishauri vizuri sana."

Nikamwuliza chumbani kwake kuna nyuzi ngapi. Hakujua. Nikamtumia pesa ya saa yenye kipimajoto, nikamwelekeza: dakika 30, andika vitu vitatu. Kesho yake usiku akatuma picha. Mkono wake ulikuwa ndani ya glovu. Wati 87, prosesa 75, chumba 14.

Nikatoa: 61. Kipoza kilekile, keisi ileile, na tatu zaidi ya zangu. Njombe iko juu, hewa ya kule ni nyepesi, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Au ni vumbi tu. Nikamwambia asafishe feni apime tena, na asinisifie kwa watu.